Kura ya Hapana

Cedar Fork, Washington
14 Novemba

Dada yangu mpendwa Verna,

Salamu nyingi, na pole kwa baridi ya huko Montana. Goti linaendeleaje? Wajukuu hawajambo? Mimi ni mzima, ila sauti imenikauka kwa kushangilia, jambo la aibu kidogo kwa mzee wa miaka sabini na moja. Lakini furaha haifichiki, dada: tumeshinda! Ile hoja ya kufuta kodi ya jimbo juu ya faida ya kuuza hisa imeangushwa, na hapa kwetu imeanguka kifudifudi.

Unamkumbuka Loretta Pruitt, mwenye kituo cha kulea watoto karibu na kiwanda cha mbao. Fedha za kodi hiyo ndizo zinazoendesha chumba chake cha watoto wachanga. Aliniambia wazi kwamba kodi ikifutwa atakifunga, na akina mama kumi na mmoja wa zamu ya alfajiri watakosa pa kuwaacha watoto wao. Nikamwomba anipe mitaa ya kuzungukia nikiomba kura za Hapana.

Kazi ilinitoa jasho, kwa sababu karatasi ya kura, tuliyoletewa nyumbani kwa posta, iliuliza kama tunataka kodi ifutwe. Basi watu walioipenda kodi walikaa jikoni kwao, kalamu mkononi, tayari kujibu Ndiyo! Mzee mmoja nilimkuta analamba bahasha aipeleke posta. Nikapiga kelele mlangoni, "Usiifunge kwanza!" Mkewe akaniuliza kama nimelewa. Tulipoifungua, kweli alikuwa amepiga Ndiyo, kuifuta kodi aliyotaka kuilinda, na ilimbidi aombe karatasi nyingine.

Aliyenisumbua kuliko wote ni rafiki yangu Duane, kinyozi. Kila nikikaa kitini pake ananiambia kwamba leo wanatozwa matajiri, kesho nitatozwa mimi. Jumamosi ya mwisho kabla ya siku ya kura tulikutana ukumbini, kila mtu na chakula chake, nami nikasimama kusema. Sijafika mbali, Duane akadakia huku anatafuna pai: "Orrin bwana, mkuki kwa nguruwe! Buti lenyewe umelifunga kwa waya, hisa utazijulia wapi? Siku ukiilipa wewe hiyo kodi, ndio uje utuhubirie." Ukumbi mzima ukacheka, na Loretta akainamisha kichwa.

Hapa, dada, kalamu inakuwa nzito. Niliwaambia kwamba nimeshailipa, mwezi wa Aprili. Wakacheka zaidi. Nikaenda garini, nikaleta risiti ya jimbo, nikampa Duane aisome mwenyewe. Aliisoma mara mbili, akavua kofia. "Mungu wangu, Orrin! Na miaka yote hii hujaniachia hata bakshishi!" Nikawaambia kwamba siku niliyolipa nilikula chakula changu cha jioni kama kawaida, na sitaki kurudishiwa senti kwa kufungiwa watoto mlango. Hakuna aliyecheka tena. Jana Duane alikiri kwamba alipiga Hapana, ingawa sasa ananiita bwanyenye mbele ya wateja.

Hisa hizo nilipewa nilipokuwa dereva wa ghala kule Seattle, kampuni ikiwa changa na mishahara haitoshi. Mama alipougua, nawe ukauza kiwanja chako cha ziwani ili tulipe wauguzi, nilikuwa nazo. Zilikuwa zinapanda bei, tamaa ikanishika, nikakuambia sina kitu. Nilikudanganya, Verna. Miaka kumi na tisa nimekaa mezani kwako kila Krismasi na uongo huo, na wewe ukinifungashia mabaki kwa kunihurumia. Naona haya hata kuandika.

Mwaka jana nilisikia kiwanja kinauzwa tena. Ndiyo sababu niliziuza hisa zote, nikakinunua. Hati ya kiwanja imekaa kabatini kwangu tangu hapo, kwa woga tu, maana nisingeweza kukupa bila kueleza. Lakini ikiwa nimeshasema ukweli mbele ya Duane na pai yake, nitakufichaje wewe?

Wabusu wajukuu wote, na umsalimie shemeji. Hati imo humu pamoja na barua, kwa jina lako peke yako. Krismasi hii sitakuja mpaka uniite, na usiponiita nitaelewa.

Ni mimi ndugu yako niliyekukosea,
Orrin