Chupa ya Bi Taratibu

Shoga, yule mgeni wa maabara, Kiherehere, amemwaga maji ya chupa ya mwalimu wetu, Bi Taratibu.

Ile ya mwisho. Ile aliyoichanganya kwa mikono yake kabla hajalazwa.

Nimeingia asubuhi nakuta unga mkavu kwenye sahani. Ananiambia, "Nimekukaushia dada, ulikuwa umeshatuama wote chini."

Nimekukaushia. Hebu fikiria.

Haukuwa haidroksiapataiti bado. Unakumbuka Bi alivyotuimbia: kalsiamu na fosfeti zikikutana huwa ute laini tu, ziacheni humohumo majini, kwenye joto la mwili, zitajipanga zenyewe taratibu ziwe hiyo haidroksiapataiti, madini ya mfupa. Ukikausha mapema, zinaishia njiani.

Kiherehere akasema, "Si tuurudishe tu majini?"

Ni kweli, ukilowekwa utaendelea. Lakini maji gani, shoga? Yale aliyapima Bi mwenyewe.

Tumemzika juzi tu. Kila nikifika kazini nilikuwa naanza kuitazama ile chupa, najiambia kazi yake bado inaendelea.

Nimeshindwa hata kumgombeza. Nimemwambia asante, nikaenda kuitafuta chupa yenyewe.

Alikuwa ameshaiosha.