Samaki wa Feliksi Wametaga

Yaya, dada yangu mukubwa, wametaga! Samaki wa Feliksi wametaga ndani ya bwawa, mayai yametoka watoto, wembamba kama kope, wanakimbia majini! Uvira yote hakuna mama mwingine mwenye mutoto aliyefanya kitu hiki. Uliza!

Sasa nakusalimu. Mugongo wako unasemaje? Shemeji anapumua vizuri? Minye niko muzima, usingizi tu sina. Toka vita ikate barabara, kwenu Katogota imekuwa mbali kama Ulaya.

Unakumbuka wale samaki wa sharubu, walivyokuwa wakipanda Ruzizi mvua ikianza, tunawakamata kwa vikapu? Wamebaki wachache, nyavu zimeziba muto. Muzungu aliyemupa Feliksi kazi alitaka wazalishwe hapa Uvira, Rugenge kwetu, halafu warudishwe mutoni. Vita ilipofika akakimbilia Usumbura. Feliksi akabaki. Alichimba mufereji, akatandika changarawe, maji yakimbie, samaki wadhani wako kwao. Akili hiyo aliitoa kwangu, si kwa baba yake.

Kisha waasi wakaja na njaa, wale waliopakwa dawa ili risasi isiwaingie. Mukubwa wao akasema, "Toa hao wanene, tuchome."

"Ni wazazi, shefu," Feliksi akasema. "Hakuna wengine."

"Weye unalilia wazazi wa samaki! Muzazi wako weye iko wapi?"

"Iko hapa," nikasema, nikaingia majini na kitenge changu. Unajua masharti yao: chakula kilichoguswa na mwanamuke kinaharibu dawa. Nikashika samaki mumoja mumoja, nikawapapasa mpaka tumboni. "Haya, kuleni!"

Walirudi nyuma wakitema mate.

Lakini waliondoka na Feliksi, awabebee risasi mpaka milimani. Hajarudi, Yaya. Wenzake wawili waliobebeshwa pamoja naye wamerudi; nikiwauliza habari zake, wananiuliza habari za samaki. Mvua ya kwanza ikanyesha, samaki wakataga, yeye hayupo. Hajawaona. Sasa ni minye ninawalisha kiini cha yai kilichosagwa, vile alivyonionyesha.

Nisalimie shemeji, na mama mukwe wako mwenye maneno mengi, na katekista aliyemubatiza Feliksi. Lori ya misioni imepata ruhusa ya kupita. Nitaleta watoto hao wa samaki ndani ya mitungi, tuwamwage pale mutoni alipopataka yeye. Wavuvi waache nyavu nyumbani. Shangazi zake waje na nguo za kilio ndani ya mufuko, lakini mutu asizivae mpaka minye niseme.

Mudogo wako, mama ya Feliksi.

Tutawamwaga siku ya Noeli, misa ikiisha. Mukuje wote.