Nilichoifanyia Kompyuta ya Boti

Jumatatu, tarehe 4
Nimetengeneza simu nne zilizoingia maji chumvi, zote zimepona. Mchana ofisi ya boti, Kilindoni. Nimesasisha programu ya orodha ya abiria. Kile kipande kinachochota majina kwenye hifadhi iliyoko Dar kilikuwa cha zamani, nikaweka kipya. Hakuna aliyeniomba. Nikamwambia Dada Zuhura, karani: kompyuta nayo inataka nguo ya Idi. Akacheka. Sikuijaribu. Bando lilikuwa linaisha.

Jumatano, tarehe 6
Orodha haifunguki. Zamani bismillahi haijaisha, imeshafunguka. Leo jina, subiri, jina, subiri. Bila orodha boti haitoki, na maji hayangoji mtu. Yakapwa, boti ikakaa juu ya mchanga na watu ndani. Bosi wa ofisi anafoka. Nikapiga utani: "Dada Zuhura anachapa kama anabonyeza papai sokoni!" Watu wakacheka mpaka basi. Yeye hakucheka.

Alhamisi, tarehe 7
Ile ile. Bosi kamwambia Zuhura akae nyumbani, eti mkono wake mzito. Miaka yote ile pale dirishani! Nilikuwepo. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Ijumaa, tarehe 8
Baada ya swala nimeipekua. Ni mimi.
Kipande cha zamani kilipiga hodi mara moja, kikaingia, kikabeba majina yote. Hiki kipya kinapiga hodi kwa kila jina. Kinasubiri kuambiwa karibu, kinachukua moja, kinatoka, kinafunga mlango, kinaanza upya. Abiria themanini, hodi themanini.
Nikarudisha cha zamani. Pap, orodha hiyo. Bosi, kwenye kiti cha Zuhura: "Unaona? Katoka tu, kazi inakwenda!"
Nikafunga begi la vifaa, nikaondoka. Mdomo huu unaoropoka siku zote. Mwoga mkubwa mimi.

Jumamosi, tarehe 9
Wali haupiti. Nimemfuata bosi mbele ya abiria, palepale nilipochekesha watu. Nikasema kosa langu, Zuhura hana kosa. Mzee mmoja wa Jibondo akaniuliza, "Sasa ulituchekesha kwa nini, mwanangu?" Bosi: nisiguse tena kompyuta yake. Zuhura arudi kazini.

Jumatatu, tarehe 11
Zuhura yuko dirishani. Boti imewahi maji. Nikakaa kwenye benchi mpaka abiria wa mwisho akaondoka.
"Nisamehe, dada."
Akapanga karatasi zake. Akazipanga tena.
"Umekula?"
"Bado."
"Nenda ukale."
Nikaenda.