Salamu za Dirishani kwa Kauboi wa Molo

Baba yangu, Kauboi wa Molo, popote ulipo, kama masafa yanafika,

Nimefika kwao. Nimeukanyaga mji wa yule mwimbaji wako: barabara moja, kanisa, kinu cha mpunga, na ule ukumbi wa mbao wa Louisiana, Marekani, ambao picha yake uliibandika kwenye mlango wa friji utoto wangu wote. Nakuandikia nikiwa nyumbani Longbridge, hapa Birmingham, mezani pale pale tulipogombana. Ugomvi wetu haukuisha ulipokufa, na unajua mimi si mtu wa kuacha mjadala katikati.

Ilikuwa Jumapili, kiwanda cha magari kimekwisha kufungwa, nawe umevaa kofia yako ya kikauboi ndani ya nyumba kana kwamba dari lingenyesha. Kanda inalia kodiani na fidla. Mimi nimerudi kutoka chuoni Edgbaston, sauti imenikauka kwa kuhutubia maandamano ya kupinga vita. Nikakushtaki, kama nilivyomshtaki kila mtu juma lile: "Baba, unajua watu hawa ni akina nani? Ungefika kwenye huo ukumbi wao ujanani mwako, wangekutimua mlangoni kwa rangi yako."

Hukukasirika. Ulipunguza sauti kidogo, ukasema, "Wakinitimua mlangoni, nitasikilizia dirishani."

Mama alicheka hata akaweka sufuria chini. Mimi sikucheka. Nilisema kwamba anayelikubali dirisha ndiye anayeusaidia mlango kubaki umefungwa. Ukanitazama, ukasema, "Hotuba nzuri. Sasa kula."

Ulikuwa mtu wa salamu. Wenzangu wa Birmingham hawaelewi ninapowasimulia: kwamba huko Molo, Kenya, vijana mlikuwa na chama kizima cha kutuma kadi za salamu redioni, kila mmoja na jina lake la mbwembwe, na kwamba mlikaa kwenye baridi ile mkingoja mtangazaji ayataje majina yenu. Ulihamia Uingereza, ukaingia kwenye kazi ya kupaka magari rangi, lakini salamu hukuziacha. Hukuweza kukata simu kabla ya kuwasalimia watu kumi, na kila mmoja ulimwagiza amsalimie mwingine. "Salamu haifii mkononi mwa mtu," ulituambia. "Ukisalimiwa, jibu, ukijibu, mtaje na mwenzako." Nasi tulijua ndoto yako, maana uliirudia kila Krismasi: katika ukumbi ule, kila Jumamosi asubuhi, muziki hupigwa moja kwa moja kwenye redio ya mji, na mgeni huitwa kwenye kipaza sauti aseme ametoka wapi. Ulitaka kutuma salamu kutoka hapo. Hukuwahi.

Mwaka uliofuata mafuriko yaliyoizamisha New Orleans, wanafunzi wenzangu nami tulikwenda kujitolea kubomoa kuta zilizooza. Mama alinisindikiza hadi mlangoni na agizo moja tu. "Ukifika kwa yule mwimbaji, mtumie baba yako salamu. Kwa jina lake la redio. Usiende kuwatukana watu." Harbans, jirani yetu, Msikh wa Kisumu aliyedai daima kwamba nyimbo zako ni kilio cha ng'ombe, aliahidi kuitafuta redio ile kwenye kompyuta yake. "Dada, wewe kuja tu na chai," alimwambia Mama. "Mitambo niachie mimi."

Sitakuficha nilichokusudia. Kipaza sauti kingekuwa mkononi mwangu kwa dakika chache: ama nikusalimie wewe, ama niwashtaki wao. Nilikuwa nimeazimia kuwashtaki. Njia nzima niliipanga hotuba, sentensi juu ya sentensi, kama mtu anayejenga ukuta.

Aliyenipeleka ni Bi Odile, mpishi wa kambi yetu, mama mwenye mvi, mweusi kama sisi, mzaliwa wa maeneo yale. Aliegesha gari ubavuni mwa ukumbi, akazima injini, asishuke.

"Binti, nimekufikisha. Mimi naishia hapa."

"Huingii?"

"Unaliona dirisha lile? Mama yangu alipika katika jiko la mle miaka mingi. Nilipokuja kumchukua, mkate wangu nilipewa kupitia pale. Muziki nao niliusikia kupitia pale. Mlango haukuwa wetu."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi hakuna wa kunizuia. Ndiyo maana nakataa mwenyewe."

Nililitazama dirisha lile dogo, rangi imebanduka, na nikaisikia sauti yako wazi kabisa, na kicheko cha Mama nyuma yake. Ulikuwa ukitania tu. Au ulikuwa ukijua?

Nikaingia peke yangu. Ilikuwa asubuhi na wazee walikuwa wakicheza, mume na mke, polepole, bia na kahawa juu ya meza moja. Vichwa viligeuka. Nilijiandaa kwa matusi. Bibi mmoja akanivutia kiti. Kiti hicho kilinitia wasiwasi kuliko tusi. Tusi ningelijua la kulifanya.

Wimbo ulipokwisha, mshereheshaji, mzee mnene mwenye kofia kama yako, akaniita mbele.

"Mgeni wetu ametoka wapi?"

"Birmingham."

"Aa, Alabama."

"Hapana. Ile ya Uingereza. Iliyo kubwa."

Wakacheka, naye akanipa kipaza sauti. Kilikuwa kizito, hata kwangu mimi niliyezoea kuhutubia viwanja. Hotuba ilikuwa imekwisha kunifika kooni. Hapo nikamwona Bi Odile kupitia kioo cha dirisha lile, ameegemea gari, mdomo bado unachezacheza: alikuwa akiumalizia ule wimbo kwa Kifaransa cha huko, lugha ya nyimbo zako, ubeti kwa ubeti, huku wapigaji wamenyamaza.

Nikaanza kutembea nikiuvuta waya. Mshereheshaji aliniuliza ninaenda wapi; nikazidi kwenda. Watu walihamisha viti. Dirisha lilikuwa limegandishwa na rangi ya miaka, nikalisukuma lisifunguke, mpaka mpiga fidla akaja, tukalisukuma pamoja. Likafunguka kwa kishindo. Nikasema kwa lugha yetu:

"Huyu ni binti wa Kauboi wa Molo, nikiwa hapa dirishani. Namsalimu baba yangu, Kauboi wa Molo, popote alipo. Naye awasalimie wenzake wa kiwandani Longbridge waliomtangulia. Ujumbe: nimefika, na nasikia vizuri."

Hakuna aliyeelewa. Kisha nikageukia Kiingereza:

"Nje ya dirisha hili amesimama Bi Odile. Mama yake aliwapikia katika jiko hili, na hakuruhusiwa kuupita mlango ule. Kwa desturi ya baba yangu, anayepewa kipaza sauti humtaja na mwenzake. Naomba mliomo ndani mumsalimie, kwa jina."

Kimya. Mpiga kodiani aliishusha mikono. Mtu mmoja karibu na baa alinung'unika, mwingine akamwambia anyamaze. Sijui kilidumu kiasi gani. Najua tu kwamba kimya hicho kilirushwa hewani, na kwamba huku Longbridge Harbans aliipiga kompyuta kofi mara mbili akidhani imekufa.

Mshereheshaji alikuja taratibu, uso umemwiva. Niliamini ananipokonya kipaza sauti, nikakishika kwa nguvu. Hakukipokonya. Aliinama juu yake, akasema, "Odile." Akavua kofia, akaanza upya kwa Kifaransa: "Habari za asubuhi, Bi Odile." Kisha akauliza jambo kwa sauti ya chini. Bi Odile alinitafsiria baadaye njiani. Aliuliza: mama yako aliitwa nani?

Fikiria, Baba. Walikula chakula cha mkono wake ujana wao wote, na jina hawakuwa nalo.

Bi Odile alisogea hadi dirishani. Hakutabasamu. "Célestine," alisema.

"Célestine," mzee akarudia hewani, na mji mzima uliokuwa ukisikiliza ukasikia.

Bi Odile hakuingia, nami sikumwomba aingie. Walipiga wimbo wako, ule unaoanza na fidla peke yake, tukausikiliza mimi ndani, yeye nje, viwiko vyetu kwenye kizingiti kimoja.

Nilipopiga simu, Mama alikuwa ametulia mno. "Nimesikia," alisema. "'Nasikia vizuri', eti. Na mimi? Mbona hukunitaja?"

"Nilisahau, Mama."

"Baba yako hangesahau. Na huyu Harbans analia, anasema ni vumbi la kompyuta."

Basi nani ameshinda? Kuhusu mlango nilikuwa na haki, na haki hiyo sikuachii hata sasa. Lakini nilidhani anayesikilizia dirishani amesalimu amri. Nimemwona aliyefanya hivyo, na hakuna kitu alichokubali. Alikuwa ameshika kila ubeti.

Kesho nahutubia chuoni, hasira yangu ikiwa kamili kama ulivyoizoea. Ila nitaanza kwa salamu. Nimekwisha kuwauliza majina wanaousafisha ukumbi wa chuo, maana miaka yote hii nimepiga kelele juu ya sakafu waliyoipiga deki bila kujua hata moja. Kofia yako inanipwaya. Mama amejaza gazeti ndani yake ili inikae.

Na hapa masafa yakikatika, Baba, usiipige redio kofi. Ni mimi tu, nimenyamaza kidogo.

Binti yako,
nikiwa Longbridge, dirisha li wazi.