Viatu vya Papa Nyuma ya Mlango

Kisumu, Jumatatu jioni

Maman wangu mpenzi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nalisalimu goti lako, maana najua lenyewe ndilo linaloamua kama utateremka sokoni au utabaki nyumbani. Bado linauma mvua ikinyesha? Na hapo mtaani Muhumba mnalalaje? Wanaotoka huko wananiambia kumetulia, kesho yake wanasema hapana, nami nabaki kuuliza kila mpita njia kama mwendawazimu. Mimi ni mzima. Nakula, nafanya kazi, na mashavu yamerudi. Ungeniona ungefurahi.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule mama muuza vitenge. Niliisoma nimesimama, nikaitia mfukoni, nikaitoa tena. Unasema Tonton Murhula, kama ndugu wa Papa, alikuja na wazee wa familia, wakakaa sebuleni, akakuambia: « Muzee hatarudia tena. Tumalize kilio, misa isomwe, na weye upumuzike. » Nawe ukamjibu: « Nabintu njo aîné, mutoto wa kwanza. Akikatala, siwezi fanya. » Kisha chini kabisa ya ukurasa, kama mtu anayeuliza huku ametazama pembeni, ukataka kujua kama bado ninasali, au kama hawa Wahindi wenye vilemba wameshanitoa katika dini.

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu bila hilo sitaweza kukujibu lile la misa.

Unajua kwa nini nimekataa miaka yote hii. Siku vita ya kwanza ilipoingia mjini, Papa alitoka na kambambili za nyumbani miguuni. « Naenda angalia kama njia ya Bagira iko wazi. Nitarudia sasa hivi. » Viatu vyake vyeusi vya ngozi, vile vya misa, alivyokuwa akivipaka sirage ving'ae kila Jumamosi huku akipiga mluzi, vilibaki nyuma ya mlango. Watu walisema walimwona katika umati uliokuwa ukikimbilia Bunyakiri, na baada ya hapo hakuna aliyesema lolote. Mimi nikashikilia hilo tu: mwanamume anayeacha viatu vyake vizuri nyumbani hajaenda mbali. Ndiyo maana Tonton alipoviomba nilimwandikia barua kali, na mpaka leo sijui kama nilikosea.

Sasa kuhusu hawa ninaofanya kazi kwao. Watu wa huku wanawaita Makalasinga. Hawakati nywele, wanafunga vilemba, na bosi wangu, Bwana Gurdip, ana kiwanda cha mbao. Kazi yangu ni kupiga msasa milango na kuipaka vanishi. Usicheke, Maman. Ndiyo, mtoto wako mwenye diplôme anasugua milango, na anaisugua vizuri.

Mama yake bosi ni kikongwe mdogo wa umbo, wote wanamwita Biji. Yeye ndiye aliyenichukua mara ya kwanza kwenye nyumba yao ya sala, iliyo nyuma ya kiwanda. Aliniona ninakula peke yangu, na kwao ibada ikiisha kila mtu anakula bure, wote chini sakafuni kwa mstari, mwenye gari na msukuma mkokoteni. Unavua viatu mlangoni, unanawa, unafunika kichwa. Ndani hamna sanamu wala mshumaa, kuna Kitabu chao kitakatifu juu ya mto, kimefunikwa kitambaa kizuri. Wanaimba kwa kinanda na ngoma. Kisha wananyamaza, na kila mmoja anarudia jina la Mungu kwa pumzi yake, Waheguru, Waheguru, polepole, mpaka unasikia ukumbi mzima unapumua. Wewe mwenye rozari yako ungewaelewa upesi kuliko mimi.

Kwa maana mimi sikuweza. Nilikaa karibu na mlango, macho kwenye viatu vyangu. Lori likipiga kishindo barabarani, nimeshasimama. Unakumbuka tulivyokuwa tunalala tumevaa viatu, wewe na sisi watoto wote, tayari kukimbia? Huku hakuna anayenifukuza, lakini viatu vyangu bado ninalala navyo kitandani. Biji aliona macho yangu yalipo. Siku moja akanivuta sikio kama mtoto: « Kwa nini wewe naangalia mlango tu? Mungu hapana ingia kwa mlango. Iko ndani tayari. »

Nikamwambia mimi ninasali sana, kila siku ninamwomba Mungu amrudishe baba yangu. Akanitazama kwa upole. « Sawa. Wewe naongea. Yeye taongea saa ngapi? »

Nilikasirika, Maman. Nilisema moyoni, huyu bibi hajakimbia vita, atajua nini. Kumbe amekimbia, tena akiwa msichana mdogo, nchi ya Wahindi ilipogawanywa mara mbili. Bosi ndiye aliyenieleza baadaye. Yeye mwenyewe hakunitajia hata kidogo, aliendelea tu kunipa chapati.

Basi sikiliza lililotokea Jumapili iliyopita. Asubuhi nilikuwa misa, ukitaka kujua, na jioni nikaenda kwao. Nilipotoka, viatu vyangu havikuwepo nilipoviacha. Nikageuka, nikaona mwanamume ameinama kwenye benchi la pembeni, viatu vyangu mkononi. Nilimrukia. Nilimkamata mkono nikapiga kelele, « Mwizi! Mwizi! », na unaweza kufikiri mwenyewe neno hilo linaleta nini katika mji huu. Watu wa barabarani walishaanza kukusanyika getini. Yule mtu akainua kichwa. Bwana Gurdip. Bosi wangu, na kilemba chake cha bluu, kitambaa kwenye bega, mikono imejaa sirage.

Hakukasirika. Aliwapungia wale wa getini waende zao, kisha akaniambia: « Pole, Nabintu. Vilikuwa na vumbi la mbao. Leo ni zamu yangu. »

Ndiyo desturi yao. Wanaamini vumbi la mtu aliyekuja kumtafuta Mungu ni la heshima, basi wanapokezana kulipangusa, na tajiri anasafisha viatu vya kibarua wake bila kujali. Nilimtazama vile alivyokuwa anazungusha kitambaa kwenye ncha ya kiatu, na Maman, nilimwona Papa siku ya Jumamosi. Nililia pale mlangoni, mbele ya watu, bila aibu. Bosi aliniacha nilie. Nilipomaliza akasogea kidogo kwenye benchi, akanipa kitambaa kingine.

Nikakaa. Nikachukua viatu vya mtu nisiyemjua, vimekanyagwa visigino, nikaanza kusugua. Biji alikuwa amekuja kukaa nyuma yangu, akirudia lile jina, nami nikarudia naye, na baadaye nikajikuta ninasema Baba Yetu kwa mwendo uleule. Nilisugua na kusugua. Lile ombi langu la kila siku, mrudishe, mrudishe, lilipita mdomoni mara kadhaa halafu likaisha lenyewe. Nikanyamaza. Sikusikia sauti yoyote, usije ukafikiri nimeona maono. Niliona tu kwamba sikuwa nikiangalia mlango. Na nikaona kwamba mimi sijui Papa yuko wapi, lakini Mungu anajua, na amejua tangu siku ile, na hajawahi kumpoteza hata saa moja.

Usiku huo viatu vyangu vililala chini, na mimi nililala kitandani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Misa isomwe. Malizeni kilio, uvue hiyo nguo nyeusi, ule vizuri. Sitaweza kuja, njia unazijua, lakini siku hiyo nitakaa na Biji wakati wenu wa misa, nisali kwa jina tunalolijua sisi.

Unisalimie mdogo wangu Bahati, umwambie aache kuvuka mji jioni. Nisalimie bibi yetu, mama yake Papa, umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Msalimie jirani yetu anayekuchotea maji. Na Tonton Murhula, mwambie barua ile kali aichome.

Kisha keti, Maman, goti likikuruhusu, uvitoe viatu vya Papa nyuma ya mlango, uvipake sirage polepole, ukitaja jina la Mungu upendavyo. Ukimaliza, mpe Tonton avivae siku ya misa. Huku viatu vinabaki nje, lakini kwetu vinaingia kanisani. Papa alivaa quarante-deux na Tonton ni quarante-trois, namba moja zaidi, vitambana. Mwambie avumilie, atembee navyo mpaka mbele.

Mtoto wako anayekupenda,
Nabintu