Kidude cha Marehemu Kinalia Saa Nne na Dakika Kumi

Shangazi mpendwa,

Nisome mpaka mwisho ndipo unigombeze, maana kunigombeza najua utanigombeza, na msaada huu ninaouomba siwezi kuuomba kwa mke wangu wala kwa wenzangu kazini, maji yamenifika shingoni. Mimi ni dereva, mwaka wa kumi na saba huu, nabeba sampuli za damu na makohozi kutoka zahanati ndogondogo kupeleka maabara kuu, zinakaa kwenye visanduku vyekundu vya baridi nyuma ya gari, na damu ikishatoka mwilini ina saa zake, ikichelewa inaharibika na mgonjwa anachomwa sindano upya, kwa hiyo sisi tunakimbia, sitakuficha, tunakimbia kila siku ya Mungu na askari wa barabarani wanatujua mpaka rangi za magari.

Njia hiyo tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu tuliyemwita Chapuchapu, mimi nikipanda yeye anashuka, tunapishana mbele kidogo ya kiwanda cha vigae, na desturi yetu ilikuwa moja tu, anayeanza safari anampigia mwenzake aliyekwisha kupita huko mbele, anamuuliza, "Kuna askari?" naye anajibiwa wapo au hawapo, basi, simu inakatwa, hakuna salamu wala habari za watoto, miaka tisa tumefanya hivyo na hatukudanganyana hata siku moja. Na yeye Chapuchapu alikuwa na kidude chake juu ya hapo, kinabandikwa kwenye kioo cha mbele, kinanusa rada ya askari kabla hujafika, ikiwa mbali kinalia taratibu, ti, ti, ti, ukikaribia kinaharakisha mpaka mlio unakuwa mmoja. Nilimtania, nikamwambia kama unacho hicho, mimi unanisumbulia nini na simu? Akanijibu, "Kidude kina pua tu, ndugu yangu. Wewe una macho."

Sasa sikiliza, Shangazi, hapa ndipo penyewe. Mwaka jana, Jumatano, nilipita kona ya kile kiwanda nikakuta lori la kokoto limeharibikia palepale kwenye kona, upande ule ambao Chapuchapu angekuja nao, halina pembetatu, hata matawi hayakuwekwa nyuma yake, dereva wake amekaa kwenye nyasi anajikuna kichwa, nikasonya nikapita zangu. Sikumaliza kilomita mbili simu ikalia, Chapuchapu, "Kuna askari?" nikasema, "Hawapo," akakata. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, mpaka leo ipo kwenye simu yangu na kuifuta siwezi. Dakika moja haijapita tukapishana, yeye anashuka kama mshale, akanipigia honi na kuninyooshea dole gumba, na mimi nikampigia honi.

Sikudanganya, Shangazi. Aliniuliza askari, nikamjibu askari. Lori nililiona kwa macho yangu na sikulitaja, si kwa ubaya, wallahi, halikunijia kichwani kabisa, kwa sababu hatukuwa na mazoea ya kuulizana malori, na yeye akalivaa palepale kwenye kona, na mtu wangu hakutoka mzima ndani ya gari lile. Visanduku vyake vilitapakaa mpaka mtaroni, na wauguzi wakalazimika kuwaita wale wagonjwa wote upya.

Baada ya mazishi shemeji, mke wa marehemu, aliniita ndani akanipa kile kidude, kilikutwa chini ya kiti hakina hata mkwaruzo, akasema, "Chukua wewe, shemeji, ndiye uliyezungumza naye mwisho. Alisemaje?" Nikamwambia alinisalimu, akaniuliza hali ya watoto, na alikuwa na furaha. Shemeji akalia, halafu akatabasamu, akasema, "Alhamdulillahi, basi alikuwa na furaha." 

Kidude nikakibandika kwenye gari langu, na mwanzoni kilinisaidia, mara mbili kilinionya nikapunguza mwendo na askari akaniangalia hivihivi. Mwezi wa pili kikaanza mambo. Nikifika kwenye ule ukuta mrefu wa kiwanda kinalia, ti, ti, ti, napunguza, naangaza, hakuna askari, hakuna hata mbuzi, nasogea kwenye kona kinaharakisha, na nikifika palepale penye doa la mafuta ambalo mvua imeshindwa kulitoa kinakuwa mlio mmoja mrefu, kisha kinanyamaza. Kesho tena. Keshokutwa tena. Nikakichomoa waya, kikalia waya nikiwa nimeushika mkononi. Nikakipeleka kwa fundi wa redio, akakifungua, akacheka, akasema, "Bwana mkubwa, hiki kimeungua ndani zamani, hiki hakiwezi kulia hata ukikibembeleza," na kabla hajarudisha mfuniko kikalia juu ya meza yake, ti, ti, ti, nikatazama saa ya ukutani, saa nne na dakika kumi. Fundi kicheko kilimkauka. Akakizungushia gazeti akanikabidhi, akasema nisikirudishe pale dukani kwake.

Nikakificha kabatini nyuma ya sahani, Jumapili mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi akaniuliza ni kengele gani hiyo kabatini, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayesikia, sijarukwa na akili. Nilimdanganya ni saa ya mezani.

Sasa kilichonifanya nikuandikie ni binti mkubwa wa marehemu. Ana miaka ishirini na sita, ana leseni ya gari za biashara, dereva mzuri kuliko wengi wetu, na maabara imemwajiri, tarehe mosi anaanza njia ileile ya baba yake. Juzi alikuja kwangu na mama yake, wakaketi, chai mkononi, akaniambia, "Baba mdogo, nipe kile kidude cha baba, nitakitunza. Na mimi nitakuwa nakupigia kama alivyokuwa anakupigia yeye, uwe unaniambia huko mbele kukoje." Mama yake akaniangalia akasema, "Nakukabidhi mwanangu." Shangazi, nilimeza chai ya moto mpaka machozi yakanitoka, wakadhani namlilia marehemu.

Naomba uniambie, kidude hiki sheria inakiruhusu au haikiruhusu? Kinamsaidia dereva kweli au ni upuuzi? Nikimpa mtoto wa watu nitakuwa nimemlinda au nimemmaliza? Na nikimnyima, nimwambie sababu gani? Nimekiweka humu kwenye kifurushi pamoja na barua, maana kukaa nacho nyumba moja nimeshindwa.

Ni mimi,
Dereva wa Visanduku Vyekundu

SHANGAZI ANAJIBU

Dereva,

Pole sana. Ipokee vizuri hiyo pole, kwa sababu nyingine leo hupati.

Tuanze na yale uliyouliza. Kabla sijashika kalamu nilivaa sare miaka kumi na miwili, na rada unayoikimbia niliishika kwa mkono huu huu. Sheria hazifanani. Kuna nchi ambako ukikutwa nacho tu, hata kama umekizima, kinachukuliwa na wewe unapelekwa mahakamani. Kuna nchi hawana shida nacho. Kuna wanaoruhusu gari la nyumbani na kukataza gari la biashara. Muulize wakili au nenda kituoni ukaulize kwa mdomo wako, na acha kuwauliza madereva wenzako kijiweni. Halafu gari lile ni la maabara. Mwajiri wako anajua ulichokuwa umembandikia kwenye kioo? Nilijua tu.

Kinasaidia? Wakati wangu rada nilikuwa siiwashi mpaka gari liwe mbele ya pua yangu. Kidude kikianza kulia, mwendo wako nimekwisha kuusoma na daftari nimelifungua. Zile mara mbili zako ni bahati, askari fulani aliiwasha mapema kwa uvivu. Siku hizi wana rada za mwanga, wana kamera zinazohesabu muda wako kutoka nguzo hii mpaka ile, na kidude chako hapo ni kama bubu. Na kinalia ovyo: milango ya maduka inayojifungua yenyewe hukiliza, magari mapya yenye macho ya rada pembeni hukiliza. Kiwanda kile bila shaka kina lango la namna hiyo. Haya, ukuta nimekueleza. Meza ya fundi na kabati la sahani sijakueleza, na usinisukume.

Maswali yako ya sheria yameishia hapo, na wewe na mimi tunajua hukununua stempu kwa ajili ya sheria.

Wewe baba! Mwenzako alikwambia waziwazi kidude kina pua na wewe una macho. Pua alikuwa nayo kiooni. Alikupigia kwa sababu alitaka macho. Nawe ukamjibu kama kidude. Mnapishana, anakupigia honi, anakunyooshea dole gumba, ulikuwa na nafasi ya pili ya kumwashia taa, ukampigia honi ya salamu. Nikiwa nasoma pale niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Sasa na lako nikupe, kwa haki. Lori si lako. Aliyeliacha kwenye kona bila hata tawi ana lake la kujibu. Chapuchapu mwenyewe alikuwa anaporomoka na simu sikioni, na hakuna aliyemshikia mguu kwenye mafuta. Hukumuua. Lakini ulimpa mjane salamu ambazo hakutumiwa, na mwaka mzima anazilalia kama mto. Hiyo ni yako peke yako. Na sasa unataka kumnyima binti kidude kwa uongo wa pili, ndiyo maana ukakitia kwenye kifurushi ukaniletea mimi. Mtu mzima na ndevu zako!

Utafanya hivi. Kesho asubuhi utakwenda kwa shemeji yako, peke yako, usimbebe mkeo wala mzee wa kukusemea. Utaomba binti naye aketi. Utasema lori, utasema simu, utasema honi. Utasema salamu hazikuwepo. Usiombe msamaha kabla hujamaliza, maana wakikuonea huruma katikati utaishia njiani, nakujua. Wakikufukuza, toka. Kiatu kimoja kikibaki ndani, kiache.

Kisha, kabla ya tarehe mosi, kama binti atakubali kukaa gari moja na wewe, mpeleke kwenye ile kona. Shukeni mtembee kwa miguu, aone ukuta unavyoficha barabara. Mwambie damu iliyoharibika hutolewa nyingine, mgonjwa atanung'unika tu. Nendeni kwa mkubwa wenu wa maabara mdai gari liondoke zahanati nusu saa mapema. Ni aibu mmekufa kwa nusu saa na hakuna aliyeiomba. Akikupigia huku anaendesha, usipokee. Na siku utakayokuta lori limeharibikia kwenye kona, lako au si lako, utasimama, utakata matawi na kuyaweka barabarani kwa mikono yako. Utayaweka mpaka ustaafu.

Kidude hakirudi. Binti akikiuliza, mwambie kiko kwa Shangazi na Shangazi ni mkaidi.

Kiko hapa mezani, karibu na kikombe changu. Siku ya kwanza nilicheka nikakifungua mwenyewe: hakina waya, hakina betri, ndani ni masizi. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, haina lango la kujifungua wala barabara chini yake. Kila siku, saa nne na dakika kumi, kinaanza, ti, ti, ti, kinaharakisha kama kuna mtu anakuja kwa kasi, kinakuwa mlio mmoja, kisha kinanyamaza. Mhariri amehamia meza ya dirishani. Mimi nimebaki, kwa sababu barua hii nimeipokea mimi.

Ukishatoka kwa shemeji yako usihangaike kunipigia simu kunieleza kama ulikwenda au hukwenda. Siku itakayofika saa nne na robo na sijasikia kitu, nitajua umemwambia.

Shangazi