Mpaka Kidonda cha Kabula Kikauke

Jumatatu, 4 Machi

Tumepalilia pamba ya shule mpaka jua likawa kali. Nyumbani nimeteka maji, kisha nikambeba Kabula ili Mama atwange mtama. Mdogo wangu ana miezi mitano. Kidonda cha chanjo ya kifua kikuu aliyochanjwa begani mwezi uliopita kimefunguka, kinatoa usaha kidogo. Nesi wa zahanati alituambia itakuwa hivyo: kisifungwe, kisipakwe dawa, kitakauka chenyewe. Sina wasiwasi nacho. Ila jioni hii mwili wake ni wa moto.

Jumatano, 6 Machi

Homa haijashuka. Hanyonyi vizuri. Mvua zimeleta mbu wengi, na dalili ni zile zile tulizofundishwa darasani. Malaria. Nilimwambia Mama twende zahanati Kabula apewe klorokwini. Mama akamtazama Bibi. Baba yuko machimboni Geita, kwa hiyo neno ni la Bibi, mama yake.

Bibi amekataa. Kwetu mtu aliyechanjwa chale na mganga hanywi dawa nyingine mpaka chale zikauke. Dawa mbili zikikutana mwilini zinapigana, na anayeumia ni mwenye mwili. Kwa Bibi, sindano ni chale ya serikali.

"Hata huyo nesi wenu kasema kidonda kisitiwe dawa."

Nikamweleza kwamba nesi alisema kidonda, hakusema mtoto.

"Haya, daktari Nyamizi. Kumbe siku hizi shule mnasomea kubishana na bibi zenu!"

Wanawake waliokuja kuomba moto wakacheka. Niliona aibu. Nilikasirika pia.

Alhamisi, 7 Machi

Nilipitia zahanati baada ya shule. Nesi anasema chanjo na klorokwini havigombani hata kidogo. Apewe leo, asingoje kesho, na akizidi tumlete. Akanifungia vidonge kwenye karatasi. Nilikimbia njia nzima. Nilikuwa na furaha.

Bibi alivipokea, akavichomeka juu kwenye nyasi za paa. "Vikae hapo. Kidonda kikikauka nitampa kwa mkono wangu."

Hakusema kwa ubaya. Anampenda Kabula, amepewa jina lake. Hilo ndilo linalonichosha. Angekuwa mtu mbaya ningejua la kufanya.

Jumamosi, 9 Machi

Kidonda bado kibichi. Viganja vya Kabula vimekuwa vyeupe. Amelia mpaka sauti imekauka.

Bibi alipokwenda shambani, Mama alipanda juu ya kinu akavitoa vidonge. Tuliponda nusu, tukachanganya na maziwa yake mwenyewe kwenye kijiko. Chungu sana. Kabula akatapika yote. Tukajaribu tena. Akatapika tena. Bibi akarudi, akaona kijiko na nguo iliyolowa. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akasema kutapika huko ndiko kupigana kwenyewe.

Mama akaamini. Niliona usoni mwake akiamini. Sasa hataki hata kuvigusa.

Nimesali. Sijui niombe nini zaidi ya kidonda kukauka. Nimeanza kuomba kama Bibi.

Jumapili, 10 Machi

Degedege alfajiri. Mara ya pili mbaya kuliko ya kwanza. Bibi ndiye aliyesema, "Mama Nyamizi, mbebe twende." Jirani akampakia Mama na mtoto kwenye baiskeli. Mimi na Bibi tulifuata kwa miguu, tope mpaka vifundoni. Bibi alianguka, akainuka, akaendelea kutembea.

Nesi alimchoma sindano ya kwinini. Akauliza kama vile vidonge vilifika nyumbani. Mama akamtazama Bibi.

Jumatatu, 11 Machi

Kabula amefariki.

Jumatano, 13 Machi

Tulimzika jana. Msibani wanawake wanasema sindano ya begani imemmaliza. Mama naye anasema hivyo. Nilisema ni malaria. Shangazi akanituma kuni. Niliporudi, nikasema tena. Wakanituma maji.

Mmoja mwenye mtoto mchanga hapa kijijini amekwisha kuapa kwamba wa kwake hachanjwi. Wa pili akaitikia. Mwalimu alitufundisha kwamba jambo likielezwa vizuri watu wataelewa. Mimi nimeeleza vizuri. Labda sikueleza mapema. Sidhani kama ingesaidia.

Ijumaa, 29 Machi

Nesi alikuja shuleni kuchanja. Madawati mengi yalikuwa matupu, wazazi wamewazuia watoto nyumbani. Nilinyoosha mkono. Nesi alinipapasa shingo, akasema nina homa kidogo, haizuii chanjo. Akanichanja, akanipa na vidonge vya klorokwini.

Nyumbani nilivimeza mbele ya Bibi, kimoja kimoja. Nilitaka aone. Nadhani nilitaka pia aumie. Hakuninyang'anya. Alitoka, akarudi na maji mengine kwenye kata, akasema, "Kunywa, ng'wana wane." Mtoto wangu.

Sasa ni alasiri. Nimelala mkekani, kichwa kinauma, naandika kwa upande. Bibi hajarudi shambani. Jembe liko mlangoni. Amekaa kando yangu, mkono wake juu ya paji la uso wangu, anangoja dawa zianze kupigana.